Kaka Maduhu, Besi Imebaki Sapiwi

Kaka Maduhu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako siwezi kuiuliza, kwa hiyo nitakupa za huku tu, na nitakupa zinavyonijia, maana siku hizi situlii. Nakaa kwenye cherehani, nashona upande mmoja wa shati, nanyanyuka. Naenda mlangoni kuangalia bodaboda zinazoingia stendi, narudi. Juzi mteja aliniuliza, "Fundi, kuna mtu unamsubiri?" Nikasema hapana. Nikageuza kitambaa na kukuta mkono wa kushoto nimeushonea kulia. Nikafumua.

Leo nimechukua karatasi na kalamu. Nikiandika kwenye simu nitajikuta nimeituma kundini kwetu wapiga besi, na kwa namba yako huko yupo anayesoma. Nitakueleza.

Kwanza siku ile. Hukujua ilivyokuwa upande wetu.

Kundi lilichangamka tangu asubuhi. Haule wa Songea alikuwa ametuma picha ya besi yake mpya, ya nyuzi tano, ameilaza kitandani kama mtoto mchanga. Na wewe ulikuwa umeshamjibu kwa ile sauti yako ya kukokota, kwamba besi ni nyuzi nne, na huo wa tano ampe mke wake akaanikie nguo. Basi Pazi wa Kisarawe akaamka na wewe. Akaandika, "Msukuma mbona kimya? Bando limekwisha, au umekwenda mnadani kuuza ng'ombe ununue uzi wa tano?" Hukujibu. Akakumbuka kwamba mwezi mzima ulikuwa unatafuta pikapu, ile sumaku inayokaa chini ya nyuzi, akatuma picha ya gari, pikapu nyeupe yenye matope, chini yake ameandika, "Mtani, nimekupatia pikapu ya besi yako, kazi kwako kuifunga." Hukujibu. Wale wawili wa Mwanza wakaingia, mmoja anasema gari hilo litatoa sauti nzuri kuliko besi yako. Mimi nilikuwa nacheka peke yangu juu ya cherehani wakati Minza, mke wako, aliponipigia.

Ulikuwa umeangukia zizini. Walikubeba mpaka hospitali hapa Bariadi, na saa sita haijafika ulikuwa umeshaondoka. Presha, walisema. Hukuwahi kutuambia una presha. Ulituambia habari za kila waya na kila msumari wa lile gitaa, na hilo hukusema.

Nilibaki na simu mkononi, na kundini utani unaendelea kuingia, mmoja juu ya mwingine, na ni mimi peke yangu niliyejua. Niliandika nikafuta. Niliandika tena nikaona maneno ni marefu, kama ya tangazo. Mwishoni nikaandika, "Jamani nyamazeni. Maduhu amefariki." Pazi akajibu, "Kabula, utani huo hapana." Nikampigia. Miaka yote ile ya kutaniana hatukuwahi kusikilizana kwa simu, mimi na yeye. Nikasema "Kaka Pazi," nikashindwa kuendelea. Hakuuliza tena. Nilimsikia anakohoa, anakohoa, halafu akasema, "Basi wacha nikae chini kwanza."

Nakumbuka ulivyonipokea kundini, mwanamke peke yangu katikati ya wanaume wapiga besi. Niliuliza swali la kijinga. Nilisema besi ya kwaya yetu inakwaruza kila nikishika karibu na kichwa, je, nyuzi zimezeeka? Waliniangukia wote. Mmoja akasema nikate kucha. Haule akasema nipake mafuta ya alizeti. Pazi akasema tatizo ni mpigaji, abadilishwe. Wewe uliwaacha wamalize, halafu ukaandika kwa kifupi, ukiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, uko Bariadi sehemu gani?" Alasiri ile ile ulifika na pikipiki kutoka Sapiwi, vumbi mpaka kwenye nyusi, na bisibisi kwenye mfuko wa koti. Ulisema "Mwangaluka" wakati jua linaelekea kuzama, na mama mwenye duka jirani akacheka, kwamba huyu anasalimia ya asubuhi jioni. Ulisema kwako siku inaanza ukiona besi. Uliangalia gitaa, ukaangalia ukuta nilikolitundika, ukaniuliza pasi ya mkaa naiweka wapi. Naiweka hapo hapo chini yake. Ukatikisa kichwa. "Umeikausha shingo kama nyama," ukasema. Ukaingiza bisibisi shingoni, ukazungusha kidogo, ukapiga, ukazungusha tena kidogo, na kwaruzo likaondoka. Usiku wake uliwaambia kundini kwamba mgonjwa amepona na muuguzi pia ameonywa.

Hivyo ndivyo nilivyopata kaka.

Besi yako mwenyewe ulitusimulia ulivyoipata, ukaturudia mpaka Pazi akawa anamalizia sentensi zako. Ulivyokuwa kijana kwenye bendi ya chama cha ushirika, mkipiga siku za wakulima kupokea malipo ya pamba, solo, rizimu, besi na tumba, na wewe nyuma kabisa, umeegemea spika ili uisikie mgongoni. Halafu ikaja ruksa ya soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao, kila mmoja na mizani yake, ushirika ukayumba, na bendi nani angeilisha? Vyombo vikabaki ghalani katikati ya magunia matupu, panya wakala vitambaa vya spika. Mliambiwa kila mmoja achukue chake. Mpiga solo alichukua akauza. Wewe ulichukua besi ukaenda nayo nyumbani, kijijini ambako hata umeme haujafika, ukakaa nayo miaka bila kitu cha kuichomeka. Ulikuwa unaipiga kavu, umeegemeza pembe yake kwenye mlango wa mbao ili mlango utoe sauti.

Na baadaye makampuni ya simu yalipoanza kugombania wateja na bando likashuka bei, ukanunua simu, ukaanza kutafuta wenzako mmoja mmoja. Uliwahi kusema, "Soko huria liliniulia bendi, na soko huria hilo hilo limeniletea nyinyi. Sijui nilishtaki au nilishukuru." Ukaliita kundi Nyuzi Nne. Ukakataa mtu mwingine yeyote kuwa kiongozi wa kundi, unaingiza na kutoa wewe mwenyewe tu, kama mzee wa boma.

Hilo lilitusumbua sana ulipoondoka.

Baada ya mazishi kundi lilikaa kimya. Mimi kimya kile sikukiweza. Nilifungua simu nikiamka, nikiwasha pasi, nikisubiri maji yachemke. Nilikuwa nasikiliza sauti zako za zamani, ile ya kulalamika kwamba sabufa uliyoigeuza kuwa spika ya besi inanuka mpira ulioungua, na nikifika mwisho naanza upya. Halafu Haule akaandika kwamba kiongozi hayupo, hakuna wa kuingiza watu, tufungue kundi jingine. Mmoja wa Mwanza akamwambia ana haraka ya kukufuta. Haule akasema yeye hafuti mtu. Maneno yakawa makali. Watu ambao walitukanana kwa mapenzi miaka mingi, sasa wanaandikiana kwa adabu, "ndugu", "naomba kutofautiana na wewe". Ule upole wao ulinitisha kuliko matusi.

Katikati ya hayo, mtu akagundua kwamba ujumbe unasomwa na namba yako. Zile alama mbili zinageuka bluu. Kila tukiandika, na wewe umesoma.

Wawili waliondoka kundini siku hiyo hiyo. Mmoja wao alisema yeye hachezi na mizimu ya Kisukuma. Mimi nilijua itakuwa simu iko kwa mtu, lakini hata mimi, Kaka, kuna asubuhi niliandika "Mwangaluka" nikakaa naangalia, na zilipogeuka bluu nikailaza simu kifudifudi juu ya cherehani.

Kisha ikaja sauti. Kwa namba yako. Hakuna aliyethubutu kuifungua kwanza, nahisi, maana wote tulikuwepo na hakuna aliyejibu. Nikaifungua.

"Hamjambo," ikasema. "Mimi ni Minza, mke wa Maduhu. Ninayesoma ni mimi. Kuandika nachelewa, kwa hiyo nasema. Ukimtoa Kabula sikuwajua nyinyi, nilikuwa nasikia tu mume wangu anacheka peke yake huko nje, nasema huyu amechanganyikiwa. Sasa nimesoma tangu mwanzo. Naomba msinyamaze. Mkinyamaza na nyumba inanyamaza." Akavuta pumzi, halafu akauliza, "Na yule aliyemwambia mume wangu ni kiziwi ndio maana anapiga besi, ni nani?"

Halafu Pazi, mtu mzima mwenye wajukuu, akaandika, "Ni mimi, shemeji. Nisamehe."

Minza akajibu, "Ulisema kweli. Sikio la kulia alikuwa hasikii. Alikataa kwenda kupimwa."

Nilicheka mpaka nikalia, na sijui kipi kilianza. Kundi likafunguka kama bomba. Haule akamwomba radhi, akamweleza kwamba kwa vile ana simu ya marehemu, yeye ndiye kiongozi sasa, na akamfundisha namna ya kumpandisha mtu mwingine awe msaidizi, bonyeza hapa, shikilia, chagua. Akamwambia ajaribu kwa jina lake Haule. Minza akabonyeza. Haule akatolewa kundini. Ilibidi niende Sapiwi kesho yake kumrudisha, maana kwa simu hatukuelewana, na Pazi alikuwa anamwambia Minza asibonyeze kitu, kundi limepata hewa safi.

Pale Sapiwi ndipo nikakuta jambo la besi.

Ilikuwa imetundikwa pale pale sebuleni, juu ya kiti chako. Mama yako alikuwa amekaa chini yake kwenye ngozi, miguu ameinyoosha, anapepeta choroko. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza mimi ni ng'wana nani, binti wa nani, nikamwambia. Tukakaa. Ilipofika jioni, besi ikavuma. Yenyewe, Kaka. Uzi mnene wa juu, taratibu, mmmm, kama mtu anayeguna usingizini. Mama akaacha kupepeta, akainua uso, akasema kwa Kisukuma, "Tupo, baba. Tumeshinda salama." Akaendelea na choroko zake.

Nikamwangalia Minza. Akanipa ishara tutoke nje.

Nje nilisikia mashine ya kusaga ya jirani, imewashwa kwa ajili ya wanawake wa jioni. Ngurumo yake inapita ardhini, inapanda ukutani, inaukuta uzi wako mnene, nao unaitikia. Nikafungua mdomo nimweleze. Minza akasema, "Najua. Nilijua siku ya pili tu. Mama usimwambie."

Asiyejua alikuwa kaka yako Masunga. Au tuseme alijua, lakini alimwogopea mama. Alifika tukiwa bado tumesimama pale, fimbo begani, ng'ombe wanapita nyuma yake. Hatukuwahi kuonana vizuri mimi na yeye, siku ya msiba alikuwa anazunguka tu na kazi za watu, hasemi. Alinisalimia, akasema moja kwa moja, "Wewe ndiye wa magitaa? Hilo la ndani nimeshampata mtu wa kulichukua. Ana vyombo vya muziki wa harusi pale mjini." Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Mama yangu anaongea na ubao. Kila siku. Mpaka majirani wanakuja kusikiliza. Kuna mmoja amesema aletwe mganga wa kuangalia nyumba. Mimi nataka mdogo wangu alale."

Hakusema kwa ubaya. Na ni kaka mkubwa, neno lake ndilo neno. Minza aliangalia chini, akasema tu, "Basi angalau tumalize kuweka msalaba kwanza." Masunga akakubali. Akasema msalaba ukishasimama, gitaa linaondoka.

Nilirudi mjini nikiwa siwezi hata kukaa kwenye kiti cha bodaboda vizuri. Dereva aliniambia, "Dada, utatuangusha." Niliandika kundini yote, kasoro habari ya mashine ya kusaga, kwa sababu ya Minza anayesoma na mama anayeweza kusomewa. Kila mtu akaja na lake. Wa Mwanza wakasema tulinunue sisi. Haule akasema tukilinunua litakaa wapi, kila mtu atalitaka kwake, tutatoana macho. Na alisema kweli, maana hata mimi nililitaka. Nilijiona nalo kwenye kwaya. Nilikosa amani kwa kulitaka hivyo. Pazi peke yake hakutoa ushauri. Aliandika tu, "Msalaba lini?"

Walikuja, Kaka. Watu ambao nilikuwa nawajua kwa picha za spika na vidole. Haule alitoka Songea, safari ya kuunga mabasi, na besi yake ya nyuzi tano ameipakata njia nzima. Kumbe ni mfupi, na ni mpole, na anavaa miwani. Wale wawili wa Mwanza kumbe ni baba na mtoto wake mkubwa, na hawakuwahi kutuambia. Wamekuwa wakibishana mbele yetu miaka yote hiyo kutoka nyumba moja. Pazi alishuka stendi mwisho wa wote, kofia kichwani, hana gitaa. Nikamuuliza besi iko wapi. Akasema, "Nimekuja kuchukua moja."

Sikuielewa kauli ile mpaka tulipofika kaburini.

Misa ndogo ilisomwa pale kando ya nyumba, msalaba ukasimamishwa, saruji ikapigwa. Watu walikuwa wengi, wa Sapiwi na wa mjini, mpaka waliotoka Lagangabilili, upande wa mjomba wako. Tulipoanza kurudi uani, tukasikia kelele ndani ya nyumba. Pazi alikuwa ametoka na besi yako mgongoni, ameifunga kwa khanga ya Minza kama mtoto, anatembea kuelekea barabarani.

"Naondoka nayo," anasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi ni Mzaramo, mtani wake. Huyu marehemu alinitukana miaka yote, na sasa amekimbia bila kunilipa. Gitaa linakwenda Kisarawe. Litakuwa kamba ya kuanikia mihogo."

Wazee wa pale walielewa mara moja kwamba huo ni utani wa msibani. Wakaanza kucheka, wakimzuia, "Mtani, mtani, simama tuongee." Wanawake wakapiga vigelegele. Haule alisimama ameduwaa na miwani yake, anadhani ni ugomvi. Pazi akaketi katikati ya njia, akakumbatia besi, akasema haondoki na haruhusu chakula kuliwa mpaka atoke mwenye mji, kaka wa marehemu, alikomboe gitaa kwa jogoo. Jogoo mzima, si kifaranga. "Na kama hamlitaki semeni hapa hapa, mbele ya kaburi lake, nilichukue kwa amani."

Watu wote wakamgeukia Masunga.

Kaka, nilimwona mkeo anashika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. Masunga alisimama. Alimwangalia Pazi, akaangalia msalaba, saruji bado mbichi. Alikuwa kama mtu aliyesahau njia ya nyumbani kwake. Mama yako, akiwa ameshikiliwa na wajukuu, akasema taratibu, "Masunga. Usimwache mdogo wako aende na Mzaramo."

Masunga akaenda bandani. Tulisikia kuku wanapiga kelele. Akarudi na jogoo mwekundu, mkubwa, amemshika mabawa, manyoya yamemwingia kwenye nywele. Akampa Pazi. Pazi akampima kwa mkono, akalalamika kwamba ni mwembamba kama mwenyewe, akapokea. Akafungua khanga, akamkabidhi Masunga besi kwa mikono miwili. Masunga hakujua ashike wapi. Aliishika kama ndama, mkono mmoja chini ya tumbo.

Hakuna aliyezungumzia tena mtu wa harusi. Kitu ulichokikomboa mbele ya kijiji chote, tena kaburini, unaanzaje kukiuza?

Halafu tukapiga. Lazima nikuambie hili. Jenereta ya kanisani, amplifaya yetu ya kwaya, na sabufa yako inayonuka mpira. Besi ya Haule, yangu, ya wale baba na mwana, na Pazi na yako. Tukaangaliana. Hakuna solo. Hakuna rizimu. Hakuna ngoma. Kundi zima la wapiga besi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria hilo njiani. Haule akanong'ona, "Tunapiga nini?" Pazi akasema, "Tunapiga kinachobaki wimbo ukiondolewa." Akaanza mwendo ule wa bendi ya ushirika uliokuwa unatutumia kila mara, na sisi tukaingia, kila mtu chini, chini zaidi, spika zinatikisa mabakuli ya wali kwenye mkeka. Watoto wakaziba masikio. Mama yako alisikiliza kidogo, akasema, "Ni kama ng'ombe wanaorudi." Na akaimba. Wimbo wa kulima, wa zamani, sauti nyembamba, haifuati kabisa tulichokuwa tunapiga. Ilibidi sisi tumfuate. Uzi wa tano wa Haule ulisaidia sana pale chini. Nakuambia kwa sababu ni haki yake, na kwa sababu huwezi kunijibu.

Walisafiri siku iliyofuata. Stendi nilisimama mpaka vumbi la basi likalala, na kile kitu cha kutotulia kikanirudia pale pale, kana kwamba kilikuwa kimenisubiri kwenye benchi. Nilidhani msalaba ungekimaliza. Haukukimaliza. Nashona, nanyanyuka. Kwaya wananiambia napiga haraka siku hizi, nawaacha waimbaji nyuma.

Lakini kuna jambo la wiki hii, na ndilo limenifanya nichukue kalamu.

Masunga alikuja dukani. Nilidhani ameleta nguo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akauliza kama nyuzi za gitaa zinahitaji mafuta wakati wa mvua, maana anaona zinaanza kushika kutu. Nikamwambia azifute kwa kitambaa kikavu tu. Akasema sawa. Hakuondoka. Akaangalia mashine, akaangalia vitambaa, akauliza, "Huko kwenye simu yenu. Aliwahi kunitaja?"

Nilielewa kwamba safari yote kutoka Sapiwi ilikuwa ya swali hilo.

Ningeweza kumwambia maneno mazuri ya kufariji. Nikamwambia ukweli. Nikasema, "Alikutaja sana. Alisema wewe ndiye mtu pekee Sapiwi anayecheza nje ya mdundo, na hakuna ngoma inayokupita. Alisema ukiingia uwanjani hata mpiga tumba anapotea. Alisema ulipooa, bendi ilibidi isimame ikusubiri."

Alinitazama. "Alisema hivyo?"

"Mara nyingi. Na alisema siku za ushirika alikuwa anakuangalia wewe miguu, ili ajue besi isipite wapi."

Masunga alikaa kwenye benchi la wateja. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, bila sauti, kofia ameifunika usoni. Akacheka muda mrefu. Halafu kofia haikuondoka usoni, na mabega yakaendelea, na sikuweza tena kujua. Niliacha mashine, nikakaa pembeni yake. Mteja alichungulia akaondoka.

Alipoinuka alinishukuru, "Wabeja." Halafu akasema kitu ambacho sijui kama uliwahi kukijua. Akasema, "Nyumbani alikuwa hanitanii. Nilidhani ananiheshimu tu."

Kaka Maduhu, mimi sitakuahidi kwamba nitatulia, maana siwezi. Pengine ndivyo nitakavyokuwa. Nikuahidi ninachoweza. Jumamosi nakwenda Sapiwi kufuta zile nyuzi mwenyewe, na nitamkuta kaka yako, na nitamuuliza mbele ya mama na Minza alijifunzia wapi kucheza vile. Na Jumamosi nyingine nitamuuliza jingine. Pazi nimeshamwambia, na amesema yeye Mzaramo ana ya kutosha mpaka wazeeke wote wawili. Masunga hatakosa tena mtu wa kumtania.

Lala sasa, kaka yangu. Shati la watu linanisubiri.

Mdogo wako,
Kabula
Bariadi